Seremala Mwenye Kesi Mbili

Kila asubuhi Seremala hufagia maranda, huchemsha chai, kisha hushika randa. Siku hizi chai anainywa peke yake. Mkewe alihamia kwa kaka yake pamoja na binti yao mdogo, Kidoti, akafungua kesi ya talaka.

Seremala aliwafuata huko akiwa amefura. Aliupiga teke mlango, ukavunjika kwa kishindo na kumwumiza mkewe bega. Hasira hasara. Sasa ana kesi mbili: moja ya jinai kwa kumjeruhi mkewe, nyingine ya talaka na malezi ya mtoto. Yuko nje kwa dhamana, na sharti ni moja: asimkaribie mkewe wala nyumba ile.

Lakini fundi akiharibu, hutengeneza. Ndivyo alivyozoea. Kwa hiyo alichonga mlango mpya, akaulaza juu ya mkokoteni. Alikuwa anaufunga kamba wakati jirani yake, mama mmoja wakili, alipopita.

"Mlango mzuri huo. Wa nani?"

"Wa shemeji. Kanipigia simu mwenyewe, mvua inaingia ndani. Na Mama Kidoti kakubali niende. Yaliyopita si ndwele, dada."

"Shusha mlango, kaka."

"Kwani vipi? Si wameniita wenyewe?"

"Dhamana ulipewa na nani? Na shemeji yako?"

"Na hakimu."

"Basi hakimu ndiye mwenye kulegeza sharti. Mkeo hata akuite mara mia, ukienda, aliyevunja sharti ni wewe. Utarudishwa mahabusu."

Seremala akacheka. "Wezi huiba milango, mimi naupeleka! Nikamatwe kwa hilo?"

Wakili naye alicheka, lakini hakuondoka mbele ya mkokoteni.

"Sikiliza. Kesi ni mbili, ila mtu ni mmoja. Ukiteleza huku, itasikika kule. Atakayeamua habari za Kidoti atajiuliza: baba huyu anatii amri?"

Hapo Seremala aliiachia kamba. Akakaa juu ya gogo. Kifungo hakikumtisha sana. Kumkosa Kidoti ndiko kulikomkata maini.

"Sasa nifanyeje? Nikae tu, mtoto anisahau? Nilitaka shemeji amnong'oneze Kidoti amwambie mama yake anisamehe."

"Hapana! Mtoto si tarishi. Usimtume maneno, wala usimwandikie mkeo ujumbe. Omba mahakamani umwone mtoto mbele ya ndugu anayeaminika. Hiyo ndiyo njia."

"Nisimamie wewe, basi."

"Mimi ni wa kesi za viwanja. Nitakupeleka ofisi ya msaada wa kisheria, hawatozi kitu. Waeleze kesi zote mbili, usifiche hata moja. Na wakili utakayepewa huko mwambie ukweli wote. Mitaani, funga mdomo."

Mlango ulipelekwa na fundi mwingine. Siku hiyo Seremala hakuweza kufanya kazi. Aliona wivu kwamba mkono wa mtu mwingine ungepigilia misumari ya mlango wake, na aliona aibu, kwa sababu alijua nani aliuvunja mlango wa kwanza.

Alimweleza wakili wa msaada kila kitu, hata lile teke. Alianza kuhudhuria mafunzo ya kudhibiti hasira. Kila tarehe ya kesi alifika mapema, akiwa na shati lililopigwa pasi. Ombi lake liliposikilizwa, hakimu aliuliza kama amewahi kuvunja sharti la dhamana. Hakuna aliyeweza kutaja hata mara moja. Akaruhusiwa kumwona Kidoti kila Jumamosi, nyumbani kwa shangazi wa mtoto, dada yake Seremala.

Kesi zenyewe zilikuwa bado. Talaka ingekuja, na kosa lake angelijibu. Aliyajua yote hayo, na usiku alilala usingizi.

Jumamosi ya kwanza Kidoti hakumkimbilia. Alisimama karibu na shangazi yake, akimtazama.

"Baba, bado una hasira?"

Seremala alikuwa ameandaa maneno mengi ya kujitetea. Aliyaacha yote.

"Ninayo, mwanangu. Najifunza kuishika. Siku ile nilikosea."

Kidoti alifikiri kidogo. Kisha akaja, akaketi kando yake, akanyoosha mguu.

"Nifunge kamba za kiatu."

Alizifunga polepole, ili zisiishe upesi.