Orodha Mbili za Wanafunzi Bora

Wiki ya kukusanya tasnifu, duka la uchapaji lililo mkabala na lango la chuo lilifurika wanafunzi. Mashine zinanguruma, gundi inanuka, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Katikati ya msongamano huo, msichana aliyevaa gauni la bluu na raba nyeupe alipenya mpaka kaunta, akaweka tasnifu yake juu.

"Jalada limekaa upande," alisema.

Mwenye duka, kijana mrefu mwenye wino vidoleni, aliitazama. "Kidogo tu, dada'ngu."

"Kidogo tu ndiyo nini? Nimeandika miezi minane. Rudia."

Waliokuwa kwenye foleni waliguna. Fundi hakubisha, alichukua kisu akaanza kubandua jalada. "Kumbe hii ya uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ni yako," alisema akiwa ameinama. "Nilikuwa nahakiki wino, nikajikuta nimefika sura ya tatu. Yule msimamizi aliyejifungia na masanduku ya kura, alikuja kuulizwa?"

Msichana alisahau hasira. "Mpaka leo hajaulizwa. Na ndiye mkuu wa idara yangu. Sasa unaelewa kwa nini sitaki iende kwake ikiwa na jalada la upande."

Alipoondoka, jalada lilikuwa limenyooka, na namba yake ilikuwa kwenye simu ya fundi, eti likitokea tatizo lingine. Tatizo halikutokea, lakini simu zilipigwa.

"Mheshimiwa, umekula?"

"Nimekula, Fundi. Na usiniite mheshimiwa, sijagombea chochote."

"Kwangu umepita bila kupingwa, mpenzi."

Baada ya miezi miwili walikuwa wanakula pamoja kila mchana nyuma ya mashine, na mama yake msichana, muuguzi asiyecheka ovyo, alikuwa ameanza kuuliza, "Yule wa wino hajambo?"

Kila mwaka Idara ya Sayansi ya Siasa iliwatunuku wanafunzi wake bora, na vyeti vilichapwa kwa fundi. Mwaka huo karani wa idara alipoleta orodha, yenye mhuri na saini ya mkuu, jina la kwanza lilikuwa la Mheshimiwa. Fundi alitabasamu peke yake. Hakumwambia, maana alitaka habari hiyo njema aipate kwa wenyewe.

Siku ya pili karani alirudi na orodha nyingine. "La kwanza litoe. Weka hili."

"Kwani alama zimebadilika?"

"Hazijabadilika. Mkuu alisaini kabla hajaisoma tasnifu yake. Jana ameisoma. Kaka yangu, wewe chapa tu."

Fundi akachapa. Jioni simu ikaita.

"Fundi, nasikia majina yanatoka karibuni. Mama ameomba ruhusa kazini aje kwenye sherehe. Nimeshona gauni jekundu, mgongo wote vifungo."

"Litakupendeza," alisema, akaaga haraka.

Siku nne alikaa na jambo hilo moyoni. Orodha ilibandikwa ukutani siku moja kabla ya sherehe. Msichana aliisoma mara tatu, kisha karani akamwambia kwa aibu, "Ulikuwemo. Muulize mwenye duka la uchapaji. Orodha zote mbili zimepita kwake."

Alimkuta fundi anapanga karatasi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku nne. Niliogopa kukuumiza. Na idara ndiyo mteja wangu mkubwa."

"Kumbe zilikuwa sababu mbili." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mkuu amenifuta mara moja. Wewe umenifuta kila ulipopokea simu yangu ukaniita mpenzi."

Akatoka. Fundi alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa hata moja.

Asubuhi mama mtu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Tubaki nyumbani, mwanangu?"

"Mama, vaa viatu."

Ukumbini alikaa mstari wa mbele, gauni jekundu, kichwa juu. Mkuu wa idara alipofungua mdomo kumtaja mwanafunzi bora wa mwaka, yeye alikuwa ameshasimama.

"Samahani, mkuu. Naomba kujua nimeondolewa kwa alama zipi."

Mkuu alitabasamu. "Binti, kaa chini. Hukuwahi kuwemo."

"Alikuwemo," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi ana karatasi. Alitembea mpaka mbele. "Orodha ya kwanza hii hapa, ilibaki dukani kwangu, mhuri na saini. Niliambiwa nilitoe jina lake, nikalitoa, nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Makamu mkuu wa chuo, aliyekuwa mgeni rasmi, aliisoma karatasi polepole, akaiweka kwenye faili lake. Alisema cheti cha kwanza hakitatolewa mpaka alama zipitiwe upya. Mama muuguzi akapiga makofi peke yake, na hakuacha upesi.

Nje kwenye ngazi, fundi alimfikia msichana.

"Idara haitakuletea kazi tena," msichana alisema.

"Najua."

"Na bado nimekukasirikia."

"Kasirika, una haki. Nataka kukuoa."

Alimgeukia. "Unanichumbia ngazini, mama anasikia, na sijakusamehe?"

"Nimeona hasara ya kuchelewa kusema."

Alijizuia kucheka, akashindwa. "Njoo Jumapili nyumbani. Mama atauliza, na mimi nitauliza. Ukificha hata moja, hutoki na jibu."

"Na uje umenawa huo wino, baba," mama aliongezea.

Wiki tatu baadaye idara ilibandika orodha mpya, jina la msichana likiwa la kwanza, bila maelezo wala kuomba radhi. Alipoitwa kuchukua cheti, alijibu kwa barua ya mistari miwili: atakuja siku watakapoandika kwa nini walimtoa. Mkuu hakujibu. Siku alipofunga ndoa na Fundi, cheti kilikuwa bado kwenye kabati la karani, na yeye hakuwa na haraka nacho.