Barua Iliyorudi Haijafunguliwa

Walikutana sokoni Ruangwa, kwenye duka la kuchapa karatasi, watu wamejaa na mashine inayofanya kazi ni moja tu. Yasmini wa Nachingwea alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya ukwaju, mkononi ana fomu za kuombea masomo ya uzamili. Nyuma yake kasimama Makoye, kijana wa wafugaji wa Mandawa, mrefu, raba zake nyeupe zimeingia vumbi jekundu. Yeye alifuata kibali cha kusafirisha ng'ombe.

"Dada, uhusiano wa kimataifa ndio nini?" akauliza, anachungulia fomu.

"Ni kusoma nchi zinavyogombana na zinavyopatana."

"Basi ungeanzia kwetu. Ng'ombe wetu na ufuta wenu hawajapatana bado."

Yasmini akacheka mpaka mtandio ukamteleza.

Mwaka na nusu wakapendana kwa simu, Yasmini chuoni Dar, Makoye juu ya kichuguu anatafuta mtandao.

"Balozi wangu, umekula?"

"Nimekula vitabu, mpenzi."

Makoye akaenda kwa shehe, akasilimu kwa hiari yake. Kisha akatuma mshenga Nachingwea na barua ya posa, imefungwa kwenye leso mpya.

Barua ikarudi haijafunguliwa. Baba yake Yasmini aliigeuza mara mbili, akasema hii si yake, akamrudishia mshenga. Mshenga, mzee wa Kisukuma, hakuuliza ni ya nani basi. Akaondoka na aibu yake. Makoye akazima simu.

Yasmini alipiga simu hiyo wiki nzima, hali, halali. Akapanda basi kurudi nyumbani. Alhamisi asubuhi mama yake, Mwamina, akamwambia huku anapepeta mchele, "Kesho baada ya swala mjomba wako anapokea watu wa Rahimu, wanakuja kukuposa. Huyo wako barua alimpa baba yako. Baba yako angeifanya nini?"

Kwao Wamwera, neno la binti liko kwa mjomba, kaka wa mama. Yasmini alikuwa ameandika kurasa themanini kuhusu wajumbe wanavyopokewa na wafalme na marais, na hili la kwao hakumwambia Makoye hata siku moja.

Akapanda bodaboda mpaka Mandawa. Akakuta zizi tupu, ng'ombe wameshatangulia Mbwemkuru, Makoye anafunga godoro.

"Umekuja kunicheka?"

"Makoye, barua ni ya mjomba! Baba haruhusiwi kuifungua."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua toka mdogo."

"Ukaniacha nimtume mzee wa watu akaaibike?"

"Nilisahau. Nipige ukitaka, lakini barua nipe. Kesho mjomba anapokea posa ya mwingine."

Makoye akaifungua kamba ya godoro. Kisha akaingiza mkono ndani, akatoa barua.

Jua la saa tisa liliwakuta Mtua, kijijini kwa mjomba. Mjomba Bilali alikuwa barazani anachambua korosho. Makoye akachuchumaa mbali, akanyoosha barua kwa mikono miwili.

"Hii imeshaingia nyumba nyingine," mjomba akasema. "Kwangu inakuja makombo?"

"Kosa ni langu, mjomba," Yasmini akasema. "Yeye ni mgeni, hakuambiwa."

Mjomba akaendelea kuchambua. Korosho nzima huku, mbovu kule.

"Miwani yangu imevunjika," akasema mwisho. "Nisomee wewe, msomi."

Yasmini akafungua. Akasoma salamu, akasoma jina la Makoye na la ukoo wake. Alipofika pale barua inapomwomba yeye, kwa jina lake lote, sauti ikakatika.

"Endelea."

"Siwezi, mjomba."

"Unasoma mikataba ya mataifa, hii inakushinda?"

Machozi yakadondoka kwenye karatasi. Mjomba akaichukua, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoa simu.

"Mwamina? Waambie watu wa Rahimu wasijisumbue. Nimeshapokea."

Kisha akamgeukia Makoye.

"Na wewe, mkwe, utachuchumaa hapo mpaka lini? Njoo unyanyue gunia hili."