Kilichokuwa Ndani ya Kopo la Billy

Kila Jumamosi Nasike huitwa mara mbili kabla ya kuamka. Mara ya kwanza hujifanya hajasikia. Nani asiyefanya hivyo? Kisha huchota maji, hufagia chumba chao cha mabati pale Gatwekera, na kuteremka hadi kibanda cha mama yake kando ya reli, Laini Saba.

Mama yake, Mourine, aliuza mafuta ya kujipaka, yale ya kupima. Mteja alikuja na kopo lake la zamani, akaongezewa kijiko kimoja au viwili, akaenda zake. Ni wachache mtaani wanaonunua kopo jipya zima. Kwa hiyo makopo yalikuwa yale yale, yenye karatasi zile zile ubavuni, yakijazwa na kujazwa tena. Siku ambazo Mourine alikwenda kufulia watu nguo kwenye maghorofa, Nasike, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeshika kijiko.

Mezani palikuwa na ndoo mbili. Ndoo ya bluu ilikuwa ya mafuta ya watoto, ambayo Mourine aliyanunua dukani yakiwa na lebo iliyotaja kila kilichomo. Ndoo nyeupe ilitoka soko la Kawangware kwa mtu anayeitwa Ishmael, na haikuwa na hata herufi moja. Watu wazima waliyapenda mafuta yake kwa kujichua migongo na miguu iliyochoka. Mourine alikuwa amemwambia bintiye waziwazi, "Ya ndoo nyeupe si ya watoto."

Jumamosi moja wateja walimiminika tangu asubuhi. Kufikia saa tisa Nasike alikuwa hoi. Hapo ndipo alipofika jirani yao Apiyo, ambaye mtaani huitwa Mama Billy, akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miezi mitatu.

"Sasa, Nasike. Niongezee vijiko viwili vya Billy," alisema akimpa kopo.

Ndoo ya bluu ilikuwa tupu. Mafuta mengine yalikuwa nyumbani, na kufika nyumbani ni kupanda mlima wote wa Gatwekera na kuteremka tena. Nasike aliitazama miguu yake. Mafuta ni mafuta, alijiambia, kisha akachota kutoka ndoo nyeupe.

"Leo yananukia vizuri!" alisema Apiyo, akaondoka akifurahi.

Baada ya siku nne Billy alitokwa na upele shingoni na mapajani. Alilia mchana kutwa, na kwa kuwa nyumba zao zilitenganishwa na bati moja tu, Nasike alisikia kila kilio. Apiyo alimpeleka kliniki. Aliporudi alimsimulia Mourine walipokuwa wakisubiri maji kwenye tangi.

"Sista Muthoni ameniuliza kila kitu. Sabuni, maji, mpaka mafuta. Nikamtolea kopo, akasoma karatasi yote. Akasema haya hayana neno, niendelee kumpaka asubuhi na jioni. Huenda ni sabuni ya kufulia."

Nasike alikuwa nyuma yao kwenye foleni, akisikia yote. Karatasi ilisema kweli juu ya mafuta ya zamani, yale yaliyokwisha zamani. Aliyekijua kilichokuwa ndani alikuwa yeye peke yake. Alifungua kinywa, akamtazama mama yake, mikono imechubuka kwa sabuni za watu, akakifunga tena. Kibanda kikisusiwa, watakula nini? Akabeba mtungi wake, akaenda.

Wiki mbili zikapita, na zilikuwa wiki ndefu jamani. Apiyo alibadilisha sabuni, akachemsha kila nguo ya mtoto. Jirani mmoja akamwambia ni zile omena, dagaa anazokula, zinaharibu maziwa yake. Basi Apiyo, mzaliwa wa ziwani, akaacha omena, na kwa kuwa hakuwa na kitoweo kingine, akawa anakula ugali kwa chumvi. Alikonda. Alitembea akishika ukuta. Na kila asubuhi na kila jioni, kama alivyoagizwa, alimpaka mwanawe yale mafuta.

Jumatatu moja ya likizo aliingia kwa kina Nasike bila kubisha. Billy alikuwa amelegea, midomo ikitetemeka.

"Mama Nasike, mtoto ametapika mara tatu. Nampeleka tena. Hebu nikae nimpake kidogo, nisimfikishe kwa sista akiwa amepauka, wakasema simtunzi."

Kina mama wa huko hawampeleki mtoto kliniki kabla hajang'aa. Apiyo alifungua kopo, akachota mafuta kwa vidole viwili.

"Usimpake!" Nasike alimshika mkono. "Mama Billy, usimpake! Hayo si yake. Ya bluu yalikuwa yamekwisha. Niliona uvivu kuja nyumbani, nikakuwekea ya ndoo nyeupe."

Mourine aliketi kitandani, akamtazama bintiye.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Jumamosi."

"Na umemsikia mtoto huyu akilia siku zote hizo?"

Nasike alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka.

"Mficha maradhi..." Mourine alianza, lakini alipomwona Billy hakuthubutu kuimalizia methali hiyo. Aliinuka. "Mama Billy, kimbia kliniki na hilo kopo. Waambie wamwoshe mafuta yote. Sisi tunakwenda Kawangware kuuliza ni nini tulichompaka."

Walikwenda upesi. Ishmael walimkuta sokoni nyuma ya mapipa yake, akikoroga kwa mwiko.

"Umetia nini kwenye mafuta yale?" Mourine aliuliza akihema.

"Ya kawaida tu, mathe. Mafuta ya mgando, marashi, na kafuri kidogo, ile ya kuchulia maungo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kipimo changu ni mkono."

"Mbona hukuandika?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Mourine alitoa simu akampigia Apiyo. "Ni kafuri. Mwambie sista, kafuri!"

Walipofika kliniki jua lilikuwa linashuka. Billy alikuwa ameoshwa na kulazwa chini ya uangalizi. Alikuwa ameacha kutetemeka na ananyonya. Apiyo alikuwa kwenye benchi, macho mekundu. Hakumwangalia Nasike.

Sista Muthoni alitoka akiwa na lile kopo mkononi.

"Atapona. Mmewahi," alisema. "Kafuri humfaa mtu mzima mwenye maumivu. Ikipenya ngozi ya mtoto mchanga inaweza kumletea degedege. Mama Nasike, kitu cha mtoto lazima kiandikwe vilivyomo, vyote. Kisichoandikwa usikiuze. Na usijaze mafuta mapya kwenye kopo lenye karatasi ya zamani. Mimi niliisoma hii kwa macho yangu, nikamwagiza mama wa watu aendelee."

"Kosa ni langu pia, sista," Mourine alisema. "Nilikuwa nauza nisichokijua. Kuanzia kesho ndoo nyeupe haipo, na kila kopo litatoka na karatasi yake."

"Ni mimi niliyechota," Nasike alisema kwa sauti ndogo.

Sista aliketi kando yake. Naye alionekana kuchoka. "Kuchoka kila mtu huchoka, mwanangu. Kukosea pia. Lakini baada ya siku ile ilibaki lebo moja tu ya kweli, nayo ilikuwa wewe. Mtu anayejua jambo la kumwokoa mwenzake akinyamaza, anaumiza kuliko aliyekosea. Leo umesema. Kesho usingoje wiki mbili."

Nasike alimgeukia Apiyo. "Mama Billy, nisamehe."

Apiyo aliendelea kuutazama mlango. Muuguzi alipomleta Billy akiwa amefungwa shuka safi, ngozi kavu bila tone la mafuta, Apiyo alimpokea, akamtazama, kisha akamweka mapajani mwa Nasike.

"Mshike vizuri," alisema akiegemea ukuta na kufumba macho. "Sijalala siku nyingi. Akibadilika chochote, uniambie saa hiyo hiyo."

"Nitakuambia," Nasike alisema.