Marehemu wa Kabati

"Wanafunzi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia leo ni marufuku kutundika makoti kwenye mabega ya kiunzi cha mifupa."

Tangazo hilo, lenye mihuri miwili, lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa chuo kimoja cha Butembo. Jumanne kiunzi chenyewe hakikuwepo kabatini.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na maiti za barabara ya Beni hazikuwa na mtu wa kuzichunguza. Inspekta Phinées Vagheni aliipokea kesi kwa hamu ambayo hakujaribu kuificha: hatimaye marehemu ambaye hakuuawa na kamanda yeyote.

Profesa Melchior, aliyefundisha jinsi mwili wa binadamu ulivyochunguzwa na kuchorwa tangu zama za kale, alieleza kwamba kiunzi kililetwa kutoka Ulaya enzi za Wabelgiji. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulizunguka mikononi mwa wanafunzi wenye zamu ya kufagia.

Vagheni aliwahoji mmoja mmoja. Hakuna aliyejua lolote, na kila mmoja alilieleza hilo kwa kirefu. Wa mwisho alikuwa Agar, mke wa Kakule, mchuuzi aliyetoweka njia ya Manguredjipa. Alipoinama kutia sahihi, kitambaa cha kichwani kiliteleza. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upya.

Huku, mjane hunyolewa kilio kinapofungwa, na kilio hakifungwi bila kaburi.

"Mama Agar, maiti ya Kakule ilipatikana wapi?"

"Haikupatikana, papa."

"Donc, basi mulizika nani?"

Agar alifunga tena kitambaa chake na kusimama kuwaonyesha njia. Pikipiki mbili, zikiwabeba wao wawili na Profesa Melchior, ziliruka mashimo hadi nyumbani kwa kina Kakule, Vulamba. Migombani palikuwa na kaburi bichi. Kwenye uzio wa mbuzi, vipande vya waya mwembamba wa shaba, ule uliounganisha viungo vya kiunzi. Kando ya kaburi bibi Kavira, mama yake Kakule, alikuwa akimenya viazi kwa utulivu.

Agar alinong'ona:

"Kila jioni alikuwa anamuwekea mutoto wake sahani. Tangu tumezika, anakula mwenyewe. Mukifukua, ataanza tena kumungojea."

"Lakini huyu si Kakule, mama," alisema Vagheni. "Ni Mzungu. Pengine mwanamke."

"Prof alitufundisha hii mifupa haina jina. Mimi nikaipatia."

Melchior alitazama viatu vyake. Alikiri kwamba alisema hivyo, ila alikuwa akizungumzia sayansi.

Taarifa ilipelekwa kwa wakubwa, na uamuzi ukatoka makao makuu ya waasi, Beni, nao ulikuwa na mihuri mitatu: "Kiunzi ni mali ya chuo na kirudishwe mara moja. Kaburi ni la raia na lisiguswe. Kabati liwekewe kufuli jipya. Marufuku ya kutundika makoti inaendelea kutumika."