Tumbo la Disanka

Kitu cha kwanza nilichoona ni masikio.

Ilikuwa asubuhi, kwetu Dilala, katika mji wa Kolwezi. Nilikuwa nikifagia lupangu yetu, uwanja wa nyumba, kama kila siku. Paka alikuwa amelala juu ya gunia, chini ya dirisha. Lango la jirani likalia: kwiii. Masikio ya paka yakasimama. Mwanamke mmoja akaingia pale kwa jirani, akakohoa. Masikio yakalala tena.

Niliendelea kufagia. Lango likalia tena. Masikio yakasimama, yakalala. Asubuhi ile yalisimama mara nne. Sikumwambia mtu.

Paka huyo hakuwa wetu. Alikuwa wa Mama Ngalula, jirani yetu aliyeondoka siku chache kabla. Na lango lile pia lilikuwa la Mama Ngalula.

Ulikuwa mwaka wa 1993. Kazi kwenye migodi ilikuwa imeanguka. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa waondoke Kolwezi, waende kwao. Mama Ngalula alikuwa mshonaji wa nguo. Wazazi wake walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa hapa. Mimi nilijua kwao ni wapi. Ni upande wa pili wa ukuta wetu.

Vijana walikuja wakapiga kelele mbele ya lango lake. Kesho yake akafunga mizigo. Akamchukua mama yake mzee, wakaenda kulala gare, kwenye stesheni, wangoje treni. Watu wengi sana walilala pale. Hakuna aliyejua treni itakuja siku gani.

Kabla ya kutoka, alimpitisha paka juu ya ukuta. Alikuwa amemfunga ndani ya kitenge chake cha kazi.

"Fidélie, mama, unichungie ye," aliniambia. "Mi nitamufikisha mama yangu, kisha nitarudia. Sikia: anazoea kuitwa mbele ya kula."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa na neno moja la kumwambia. Sikulisema. Akaondoka.

Paka aliitwa Disanka. Kwa lugha ya Kasai, maana yake ni furaha. Kila jioni Mama Ngalula alikuwa akigonga sahani ya bati mara mbili, kisha anaita, "Disanka, lwaku!" Lwaku ni njoo. Avenue yetu nzima, yaani mtaa wetu, ilijua sauti ile.

Nilitaka kumtunza Disanka vizuri, kama mgeni wa heshima. Kitenge kilinuka moshi na mafuta ya mashine. Nikakifua kwa sabuni, nikakianika. Mama yangu alikuwa ameficha maziwa ya unga kidogo, ya mwisho nyumbani. Nilimwomba, nikamkorogea Disanka kikombe kizima. Watoto wa avenue walikuja kumwangalia mgeni. Nikawaacha wamshike, mmoja baada ya mwingine.

Na nilibadilisha jina lake.

Hilo nililifanya kwa sababu ya Mado. Siku ya tatu baada ya Mama Ngalula kuondoka, Mado na mume wake waliingia kuishi katika nyumba yake. Mado alikuwa na masikio makali. Niliogopa asikie lugha ya Kasai kwetu. Basi nilimwita paka Minou.

"Minou, kuya," nilimwita polepole aje. Hakugeuka.

Siku ya nne Disanka alianza kuharisha. Aliharisha chini ya kitanda cha papa, yaani baba yangu. Papa yangu, Tata Mwamba, alikuwa fundi mgodini. Sasa alishinda nyumbani, na hasira ilishinda naye.

"Fidélie! Hii paka inanifanyia nini mu chumba?"

"Nitasafisha, papa."

"Utasafisha mara ngapi? Batu banasema tunachunga bitu bya Bakasai. Sasa na harufu juu! Ninakupa siku tatu. Kama haijapona, nitaipeleka mbali, ku machimbo."

Kule kwenye machimbo kulikuwa na mbwa wengi wasio na mwenyewe. Paka mgonjwa asingemaliza usiku mmoja.

Mama alishauri mafuta ya ngazi, yaani mawese, na pilipili. Mado alichungulia juu ya ukuta, mkono kiunoni.

"Paka ya Kasai inalia mwenyewe wake!" alicheka. "Umupatie aspirine moja. Itapona ama itakufa, mutalala."

Mama akanipa kidonge. Nilikiweka mkononi. Kisha nikafikiri: kidonge hiki ni cha mtu mzima. Disanka ana uzito wa kuku. Nikatoka nacho.

Nilikwenda kwa Tata Nkulu, nyumba ya tano. Alikuwa muuguzi wa wanyama. Miaka ishirini alitibu ng'ombe kwenye shamba kubwa nje ya mji. Nilisimama langoni kwake. Sikupiga hodi. Nilisimama mpaka akaniona.

"Weye unasimama kama muti," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna, tata. Bado."

"Bado! Sasa nani anajitayarisha?"

"Paka."

Akacheka, akavaa viatu. "Twende. Shamba imefungwa, ng'ombe bote balikuliwa. Hata paka atanifurahisha."

Kwetu, alikaa chini kwanza. Hakumkamata Disanka. Alingoja mpaka Disanka akamnusa mkono. Ndipo akavuta ngozi ya mabegani kidogo na kuiachia. Ikarudi mahali pake.

"Vizuri," alisema. "Maji haijaisha mu mwili. Ngozi ingebaki imesimama, ningeogopa. Uliona damu?"

"Hapana, tata."

"Anatapika?"

"Mara moja tu."

"Anakula?"

"Anakunywa maziwa."

"Maziwa!" Tata Nkulu aligeuka. "Paka mukubwa hawezi maziwa. Inamuharisha. Mupatie maji safi tu. Na hiyo mu mukono ni nini?"

Nilifungua mkono.

"Tupa mu choo. Aspirine inaweza kumuua. Na bidonge bingine bya batu vilevile. Pilipili hapana, mafuta hapana."

Papa alikuwa kwenye kiti chake, mlangoni. "Tata Nkulu, sema kweli. Si ulozi?"

"Ulozi gani? Angalia. Mutu wake ameenda. Nyumba imebadilika, chakula imebadilika. Batoto banamukamata siku nzima. Ile yote mu juma moja! Woga unashuka ku tumbo." Akaniangalia. "Weye, Fidélie, ukiitwa mbele ya batu, tumbo inafanya nini?"

Niliangalia chini. "Inazunguka."

"Basi. Tumbo yake ni kama yako."

Papa aliitikia kwa kichwa. Alinijua.

Tata Nkulu akanieleza kazi, na mimi nikaishika kichwani. Disanka apate pembe moja ya nyumba, yenye kimya. Apate sanduku la kujificha, na watu wasimtoe kwa nguvu. Watoto wasimshike mpaka atakapokuja mwenyewe.

"Kwa Mama Ngalula alikuwa anakula nini?" aliuliza.

"Bukari na ndagala," nilisema. Ni ugali na dagaa wenye chumvi.

"Mupatie ile ile. Ndagala uloweke, umwage maji yenye chumvi, kisha uchemshe. Bukari iwe laini. Kidogo kidogo, mara ine kwa siku. Ukitaka kumubadilishia chakula, uchanganye pole pole juma nzima. Usibadilishe siku moja."

Niliambiwa pia niweke sanduku la mchanga, mbali na chakula chake. Uchafu niufukie, kisha ninawe mikono kwa sabuni.

"Na unisikie vizuri," alisema. "Ukiona damu, ama anatapika bila kuacha, ama analegea, ama amepitisha siku nzima bila kula, usingoje. Unamuleta kwangu ile saa. Sasa, iko na kitu yenye harufu ya mwenyewe wake?"

Nilimwonyesha kitenge. Alikinusa.

"Hii inanuka sabuni."

"Nilikifua, tata. Kilikuwa kichafu."

"Umefua mama yake," alisema kwa upole. "Utafute ingine, yenye haijafuliwa. Paka anaitwa nani?"

"Minou."

Disanka hakufungua hata jicho. Tata Nkulu alimwangalia, kisha akaniangalia.

"Jina yake ya kweli."

Niliangalia ukuta wa Mado. "Disanka," nilisema kwa sauti ya pumzi.

Sikio moja likasimama.

"Unaona? Hapa kila kitu imebadilika. Jina yake usibadilishe. Umuite saa yenye anazoea, vile anazoea."

"Mado atasikia, tata."

"Atasikia. Iko na masikio mbili."

Kesho yake asubuhi nilikwenda gare kwa miguu. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wamekaa chini. Nilipita katikati ya magodoro, masufuria na watoto. Nilimtafuta Mama Ngalula mpaka nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya mashine yake ya kushona, ili asiibiwe. Mama yake alilala pembeni.

"Disanka anakula?" Hakunisalimia kwanza.

"Tumbo inamusumbua, mama. Atapona. Ninaomba kitambaa chako cha kichwa. Chenye hakijafuliwa."

Alinitazama, akaelewa. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Hapa ku gare hatufui kitu, mama. Kamata." Akafungua kitambaa. Kisha akatoa sahani ya bati kwenye mzigo. "Na hii. Niliibeba bila kufikiri."

Siku mbili baadaye, treni ilimchukua.

Lakini jioni ile ile niliyotoka gare, nilitandika kitambaa ndani ya sanduku. Disanka aliingia, akaweka pua ndani yake, akakaa hivyo. Nikachemsha ndagala. Saa ya Mama Ngalula ya kuita ikafika. Nilisimama katikati ya lupangu na sahani. Nikagonga mara mbili. Nikafungua mdomo.

Sauti haikutoka.

Upande wa pili wa ukuta, Mado alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Papa alikuwa kwenye kiti chake. Ilikuwa siku ya pili kati ya zile tatu. Nikagonga tena.

"Disanka! Disanka, lwaku!"

Mchi wa Mado ukanyamaza.

"Weye! Nani anaita Kikasai pale?" Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta. "Tata Mwamba, mutoto wako amekuwa Mukasai?"

Niliangalia papa. Nilijua anaogopa watu watakavyosema. Lakini akasimama.

"Anaita paka," alisema. "Paka jina yake ni ile. Weye, Mado, nikikuita Minou, utaitika?"

Mama alicheka jikoni mpaka akaangusha kifuniko. Kichwa cha Mado kikashuka. Mchi ukaanza tena.

Na Disanka? Alikuwa ametoka kwenye sanduku. Alikuja akitembea, mkia umesimama wima. Akala mpaka akalamba bati.

Siku ya tatu hakuharisha chini ya kitanda. Alikwenda kwenye mchanga, mara mbili tu. Siku ya tano choo chake kilikuwa kigumu. Papa alikwenda mwenyewe kuangalia. Alirudi kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Tata Nkulu, iko imara!" alipiga kelele kuelekea nyumba ya tano. "Imara kama jiwe ya mugodi!"

Kila jioni niliita. Mwanzoni nilihesabu pumzi kabla ya kuita. Baadaye nilisahau kuhesabu. Watoto wa avenue walijifunza kugonga sahani na kuita pamoja nami. Lugha ile ikarudi kwenye avenue yetu mara moja kwa siku.

Mwezi wa sita, Mado alikuja mlangoni kwetu na kikapu. Ndani mlikuwa na paka mwekundu. Dada yake alikuwa amemleta kutoka Sandoa, kwenye lori, ndani ya gunia.

"Anaharisha," Mado alisema bila kuniangalia. "Anajificha nyuma ya kabati."

Nilimwambia akae. Nilimwuliza: damu ipo? Anatapika? Anakula? Nilimwambia juu ya maji, pembe ya kimya, sanduku la mchanga, ndagala bila chumvi. Nilimkataza maziwa na aspirine. Nilisema mengi kuliko nilivyowahi kusema na Mado tangu aje.

"Na kule Sandoa alikuwa anaitwa nani?" niliuliza.

Mado alifikiri. "Sikuuliza."

"Uulize, mama. Umuite vile."

Aliuliza. Paka wake alipona kwa siku sita.

Kiangazi kikapita, mvua ikanyesha, kiangazi kingine kikaja. Alasiri moja nilikuwa nikifagia. Disanka alikuwa amelala kwenye kitambaa chake. Lango la jirani halikulia. Hakuna kitu kilicholia. Lakini masikio yake yakasimama, na hayakulala. Akaruka, akapita kati ya miguu yangu, akatoka barabarani mbio.

Nikamfuata na ufagio mkononi.

Mama Ngalula alikuwa amesimama mbele ya lango lake. Alikuwa amekonda. Mashine ya kushona ilikuwa chini, pembeni yake. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa kupiga hodi, na haukupiga. Disanka alikuwa akizunguka miguu yake, akizunguka tena, akilia kwa sauti ambayo sisi hakutulilia hata siku moja.

Watu wakatoka. Papa akatoka, na Tata Nkulu, na watoto wote. Mado akafungua lango: kwiii. Akamwona mwenye nyumba. Kisha akaingia ndani na kurudi na kiti, akakiweka karibu na Mama Ngalula.

Lakini Mama Ngalula hakukaa. Aliangalia nyumba, aliangalia watu. Alikuwa kama mtu asiyejua aweke mguu wapi.

Lile neno nililobaki nalo tangu siku ile ya ukuta, likaja. Watu walikuwa wengi. Tumbo langu lilianza kuzunguka. Nikaliacha lizunguke.

"Mama Ngalula, lwaku!" niliita, kwa nguvu, avenue nzima isikie. "Kwenu ni hapa."