Mluzi Dirishani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Sikuyasikia kwa watu. Alinisimulia mwenyewe.

Gari lake likishika kasi tu, upepo ulipiga mluzi kwenye madirisha. Mkewe akachoka.

"Baba Pacha, gari gani hili linatuzomea njia nzima?"

Basi fundi akang'oa mpira uliochakaa unaozunguka vioo, akakwangua gundi ya zamani, akabandika mpira mpya na kuukandamiza kwa kidole gumba pembe kwa pembe. Jioni wakatoka kumfuata mama mkwe. Mawingu yalikuwa yametanda na barabara imeingia kiza. Ndani ya gari palikuwa kimya, hata bangili za mkewe zilisikika.

"Mikono yako ibarikiwe," mke akacheka.

Hapo hapo kioo chake kikagongwa kutoka nje. Ngo, ngo, ngo. Na gari lilikuwa mbioni.

"Kokoto hizo," fundi akasema.

Kikagongwa tena, kwa hasira. Kisha sauti ikasema, karibu kabisa na sikio la mke: "Mmenifungia nje."

Fundi akakanyaga mafuta. Ngumi zikahamia kioo cha nyuma, zikapita juu ya paa, zikarudi upande wa mke. Hakusimama mpaka alipofika kituo cha mafuta chenye taa. Akazima injini, na ngumi zikakoma. Nje hapakuwa na mtu.

Mkewe alimwonyesha kioo chake. Upande wa nje palikuwa na duara dogo la ukungu, kama la pumzi. Likafifia taratibu. Kisha likatanda tena.