Hema la Blanketi na Mlango wa Anti Milcah

Ijumaa moja ya Januari, siku isiyo na shule, Nasimiyu aliamka, akatandika kitanda, akavaa soksi mbili mbili kwa sababu vigae vya sakafuni vilikuwa baridi kama chuma, kisha akampikia mdogo wake Trevor uji. Yote hayo aliyafanya amevimba kwa hasira. Mwiko aliutupa kwenye sufuria kwa kishindo.

"Sufuria imekukosea nini?" aliuliza mama yake, Proscovia, akifunga vifungo vya sare yake ya hoteli.

"Uliahidi, Mama! Ulisema Ijumaa hii tutaenda jangwani kupiga kambi. Wenzangu wote wameenda."

"Niliahidi kabla siku yangu ya ofu haijafutwa kazini. Supavaiza nimfanye nini?"

"Kila siku supavaiza! Kila siku!"

"Wee, sauti! Anti Milcah amelala."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kubwa katika fleti yao ya mtaa wa Al Mansoura, huko ughaibuni jangwani, ambamo familia tatu zilikaa, kila moja na chumba chake. Aliyetoka zamu ya usiku haamshwi. Anti Milcah alikuwa muuguzi, na chumba chake kilipakana na chao. Hata Trevor, mwenye miaka mitano, alijua kupita mlangoni pake kwa ncha za vidole.

"Chezeni humu ndani," Mama alisema akichukua mkoba. "Jiko la mkaa lililo roshani msiliguse. Na msimsumbue Anti kwa lolote." Akaondoka bila kuaga vizuri, maana naye alikuwa amekasirika.

Nasimiyu alitandaza blanketi juu ya viti viwili na ubao wa kuanikia nguo, likawa hema. Mito ikawa ngamia. Trevor aliwapanda ngamia wote, akaanguka, akacheka mpaka akapata kwikwi. Kwa kitambo kidogo hata Nasimiyu alisahau kununa.

Kisha simu ya zamani ya Mama ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Tiffany, mwanafunzi mwenzake. Hema kubwa, moto mkubwa, watoto wenye masweta. Chini yake aliandika: *Pole, mtoto wa ndani!*

Nasimiyu alihisi masikio yakimwaka. "Mtoto wa ndani? Mimi?"

"Na sisi tuna kambi," Trevor alisema.

"Kambi gani isiyo na moto? Hii ni nguo iliyoanikwa tu!"

Akaenda roshani, akawasha lile jiko walilochomea nyama siku za sikukuu. Alisubiri mpaka mkaa ukawa mwekundu na moshi ukaisha. Alijua moshi ni mbaya, na sasa haukuwepo. Basi akaliingiza jiko chumbani, akafunga dirisha kuzuia upepo, akaziba chini ya mlango kwa taulo ili harufu ya mahindi aliyotaka kuchoma isimfikie Anti Milcah. Wakala mahindi mbele ya hema, wamejifunika blanketi la pili. Joto lilikuwa tamu.

"Kichwa kinaniuma," Trevor alisema baadaye.

"Usinianze na wewe."

Trevor akatapika. Halafu akalala ubavu, na Nasimiyu alipomwita, hakuitika. Kichwa cha Nasimiyu mwenyewe kilikuwa kinagonga, na magoti hayakutaka kumbeba. Alitambaa, akavuta taulo, akafungua mlango, akafika kwa Anti Milcah. Akainua mkono. Ukabaki hewani. *Aliyetoka zamu haamshwi. Msimsumbue kwa lolote.* Na akishaamka, ataliona jiko!

Nyuma yake Trevor alikuwa kimya. Nasimiyu akaupiga ule mlango kwa ngumi mbili, akaupiga na teke.

"Ni nani huyo asiye na adabu?" Anti Milcah alifungua amefura, kilemba kimeenda upande. Aliona uso wa msichana, akanusa harufu ya mkaa, akaruka. Alimbeba Trevor hadi kwenye korido, akafungua madirisha yote, akapiga simu ya ambulensi huku akimkoromea Nasimiyu: "Kaa hapa! Vuta pumzi! Usilale!"

Jioni, hospitalini, Trevor alikuwa na kinyago cha oksijeni usoni na alikuwa anaomba juisi. Mama alifika mbio, bado na sare.

"Nilikwambia nini kuhusu jiko? Nilikwambia nini? Ungeniulia mtoto! Ungejiua!" Alimfokea, akamkumbatia, akamfokea tena.

"Lakini hakukuwa na moshi," Nasimiyu alilia.

"Mkaa mwekundu ndio mjanja," Anti Milcah alisema. "Unatoa hewa ya sumu usiyoiona wala kuinusa. Chumba kikifungwa, inakulaza, na huamki. Kila msimu wa baridi tunawapokea watu wazima waliofanya kosa hilo hilo." Akamgeukia Mama. "Na wewe, Proscovia, usimwambie mtoto asiniamshe kwa lolote. Heri usingizi wangu uharibike."

Mama aliinamisha kichwa. "Kweli. Niliondoka na hasira zangu."

Ijumaa iliyofuata hema lilisimama tena. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, jiko halikuwepo, na tochi iliyofunikwa leso nyekundu ndiyo iliyokuwa moto wao. Mama, ambaye ofu yake haikufutwa safari hii, alikuwa ngamia. Anti Milcah aliingiza kichwa ndani ya hema, amebeba chupa ya chai.

"Nasimiyu, hasira si dhambi," alisema. "Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ila uliiachia hasira ichague mchezo, na hasira haijui hatari. Siku nyingine ukikasirika, nijie. Na ukiwa hatarini, usiwaze adabu. Piga mlango."

"Hata kwa teke?" aliuliza Trevor.

"Teke lilinitoa kitandani, siyo?" Anti Milcah alisema, akatambaa akaingia.